Gurudumu Dogo la Mbele

9 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Umeamkaje, na mgongo unakuruhusu kukaa kwenye cherehani mpaka mchana? Sisi wazima. Mjukuu wako ana jino moja na anadhani amepewa la kunijaribia mimi. Baba yake yuko safarini na lori la maji. Mimi nimechoka tu, ule uchovu wa kutia chumvi kwenye chai halafu ukainywa hivyo hivyo.

Nikupe habari, maana inanikaa kifuani tangu juzi na hapa ndani wa kuongea naye bado hana maneno.

Barabara ya mbele ya nyumba yetu wameichimba yote. Katikati yatapita mabasi ya mwendo kasi, kwenye njia yao wenyewe, gari jingine lisikanyage. Kituo kitakuwa hapa hapa, nikifungua dirisha nakiona. Wiki iliyopita gari la kipaza sauti lilipita linaomba watu: akina mama wenye vigari vya watoto, wazee wenye mikongojo, yeyote mwenye tabu ya kupanda basi, twende tukajaribu kituo. Nikajiuliza, kituo gani, na hapa ni mashimo matupu? Nikamweka Bwana Mkubwa kwenye kigari chake, nikaenda.

Mama, wamejenga kituo ndani ya ghala. Cha mbao! Jukwaa la mbao, mageti ya plaiwudi, na pembeni basi zima la mbao, refu kama madarasa mawili, halina injini wala matairi. Milango inavutwa kwa kamba na mzee mmoja ambaye kila akivuta anatoa sauti ya upepo kwa mdomo: pshhh. Watu wazima wenye vitambulisho shingoni wanapanda na kushuka basi lisilokwenda popote, wanaandika. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilijiona kama nimeingia ndani ya kichwa cha mtu anayewaza.

Ukutani kuna ramani ya mkoa mzima, na njia za mabasi ni nyuzi. Nyingine zimekatwa zinaning'inia, hizo ndizo njia zitakazoondolewa. Uzi mwekundu ndio wa mwendo kasi. Niliufuata kwa kidole. Unaanzia kwenu, kule nyuma ya soko, unapita kila mahali tulipowahi kuishi, unaishia dirishani kwangu.

Na sakafu, Mama. Sakafu ya jukwaa na ya basi ni moja. Hakuna ngazi hata moja. Unaingia kama unavyotoka sebuleni kwenda chumbani.

Ila kati ya jukwaa na basi kuna mwanya, kama upana wa kiganja, na gurudumu la kigari likaingia humo. Mtoto akapiga kelele. Mhandisi wao ni mama mmoja tunayemwita Mama Chaki, maana anachomeka chaki sikioni kama seremala na penseli yake. Akaja mbio, akapiga magoti. Hakunilaumu. Aliniuliza, "Nani mwingine unamjua angenasa hapa?" Nikamtajia wewe na kiti chako cha magurudumu. Akasema, "Yale madogo ya mbele ndiyo yananikosesha usingizi. Mwombe atupimie lake."

Basi nakuomba unipimie. Miaka minne nakaa hapa, na hujawahi kuuona mlango wangu.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Mume wangu mdogo mpongeze kwa jino.

Hayo mengine yamenikera, na nayasema mapema yasije yakachacha. Ulikwenda ukasimama mbele ya watu na vitambulisho vyao, ukawahadithia miguu yangu? Ulikuwepo siku ile. Ulikuwa msichana mdogo, umeshika mkoba wangu. Kondakta na mwenzake waliniinua kwenye zile ngazi, mmoja kwapani, mwingine magotini, gauni limepanda, huku wanaulizana, "Huu mzigo unashukia wapi?" Basi zima likacheka. Nikasema nitabebwa mara moja tu tena, na siku hiyo sitakuwa nasikia. Iwe basi, iwe teksi, kubebwa ni kubebwa.

Na hizo nyuzi zilizokatwa, wamekuambia mmoja ni wetu? Walikuja hapa kututangazia kwamba basi la mtaani linaondolewa, tutaletewa vibasi vya mlisho vya kutupeleka kituoni. Jirani yangu akawauliza, "Mlisho? Kwani sisi kuku?"

Usinipimishe. Njoo wewe na mtoto, nitawapikia.

Mama yako


10 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, mtoto mgongoni, kisha nikaisoma tena nimekaa. Hatujambo. Jino la pili limechungulia.

Kukutaja mbele za watu bila kukuuliza, hapo una haki. Nimelipokea.

Lakini hili lingine sinyamazi. Siku ile naikumbuka, ila kicheko sikikumbuki. Nakumbuka kwamba walipokuweka chini uliwaambia, "Asanteni, wanangu," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako kabla wala baada. Ile asante ndiyo siitaki tena.

Mama Chaki ameniambia mvua zikikatika wanamwaga zege la majukwaa yote, na mabasi yataagizwa kwa kipimo hicho hicho. Zege likishamwagwa, mwanya ni huo mpaka Bwana Mkubwa aote mvi. Kwa sasa ni mbao na misumari, ukikosea unang'oa. Ndiyo maana ya lile ghala, Mama. Wanakosea kwa mbao ili wasije wakakosea kwa zege.

Sikuombi uje. Kuja au kutokuja ni juu yako, wala sitakuuliza tena. Nakuomba kipimo. Ukikaa nyumbani, iwe umeamua wewe. Isiwe mwanya ndio umekuamulia.

Mwanao, anayekupenda hata ukinuna


4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini ni mvua tu. Dereva wa lori la mbao anayetubebea barua amepita mara mbili, anasema hukumpa kitu. Sisi hatujambo, mtoto ana mafua.

Mama Chaki anajaribu kwa kigari changu kwa kuwa hana kingine. Wamepunguza mwanya, na kigari kina magurudumu manene, kinapita. Wanakaribia kuridhika. Mimi sijaridhika, lakini sina cha kuwaonyesha.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mafua yataisha, msimfunike mno.

Nilinuna, ndiyo. Nilipomaliza kununa nikachukua tepu nikapima. Halafu nikakumbuka tepu yangu imevutika kwa miaka ya kupima viuno vya watu. Siku hizi inasema maneno ya kumfurahisha mteja. Nikaazima rula kwa jirani, imevunjika ncha. Nikasema basi, yaishe. Nikamwita fundi baiskeli.

Fungua kitambaa. Hilo ni gurudumu langu la mbele, la kushoto. Namba zina mdomo, hilo halina. Fundi aliniuliza, "Mama, sasa wewe utatembelea nini?" Nikamjibu, "Kwani umesikia nina safari?" Kiti amekiegemeza kwenye tofali. Nimekaa kwenye cherehani na nitakaa hapo mpaka lirudi. Jirani, yule wa kuku, ndiye ananiletea maji. Usikawie.

Usiwaambie ni la nani. Waambie ni la abiria.

Mama


14 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye kiti cha basi la mbao, mtoto ananyonya, na dereva wa lori yuko nje anapiga honi kama amechomwa na nyuki. Hujambo hapo kwenye tofali?

Nilipofungua kitambaa, Mama Chaki alilichukua gurudumu, akalizungusha kwa kidole, likalia kidogo kwenye beringi. Ni ule mlio wako wa asubuhi ukitoka chumbani. Nilitaka kulia, Mama. Kukusikia unakuja, na hupo.

Akaliendesha kwa mkono juu ya jukwaa, polepole, kuelekea basini. Pale pale kigari changu kilipopita. Lilifika ukingoni, likainama, likatumbukia. Tukalisikia linagonga sakafu ya ghala chini kule, linazunguka, linazunguka, mpaka likalala. Mzee wa pshhh akaachia kamba yake.

Mama Chaki akalala kifudifudi na sketi yake nzuri, akanyoosha mkono, akalitoa. "La nani hili?"

"La abiria."

Akaniangalia kidogo. "Mwambie abiria amewahi. Wiki chache zaidi tungekuwa tumeshamwaga."

Wakaanza kung'oa misumari hapo hapo. Watu wote wenye vitambulisho, wamevua makoti, wanapeana nyundo. Mimi sijawahi kuona wakubwa wakifurahi kiasi kile kwa sababu wamekosea. Sasa wanataka ukingo wa jukwaa uwe na mpira, basi lije liuegemee kabisa pasiumie chochote.

Aliomba abaki na gurudumu mpaka mabasi ya kweli yafike. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mwenyewe amekaa kwenye tofali. Hakubishana. Akamwita seremala, naye akachonga pacha wake kwa mbao, nimekaa naangalia, akamfananisha mpaka mikwaruzo. Pacha ametundikwa kwenye msumari chini ya ramani. La kwako ni hili, kwenye kitambaa chako. Walitaka kulipaka grisi nikakataa. Huo mlio nautaka.

Mwanao


20 Novemba

Mama,

Shikamoo. Sare za shule zimepungua sasa, unapumua? Bwana Mkubwa anatembea. Anaanguka, na nisipomtazama anainuka bila kulia.

Mabasi yamekuja. Asubuhi ile ya kwanza nilikuwa nachemsha chai, barabara imejaa honi na matusi kama kawaida, mara katikati yake kikapita kitu kirefu, kinang'aa, bila kugombana na mtu. Kimejaa abiria. Wamekaa wima, wametulia. Mtoto akawapungia mkono, wao kimya. Nikaangalia vizuri: viroba vya mchanga, Mama! Kila kiti na kiroba chake. Wanajaribu breki kwa uzito wa watu. Mtoto hajali. Wiki nzima anawapungia, na kila wakipita bila kumjibu ananigeukia mimi, kama nimewakataza.

Basi likasimama kituoni. Milango ikafunguka, pshhh, safari hii ya kweli, na hakuna aliyeshuka. Ikafungwa, likaenda. Nilibaki dirishani na sufuria mpaka mkono ukafa ganzi. Watu walijifungia ghalani wakacheza basi kama watoto, na sasa hili hapa, linapita mbele ya kamba yangu ya nguo.

Jana Mama Chaki alinikuta jukwaani. Amekuja na pacha wa mbao, amemfunga uzi. Basi likaja, likaegemea mpira, taratibu, kama mtu anayeweka shavu kwenye mto. Akavuta uzi. Pacha akaingia. Akarudi. Akaingia. Nikaomba na mimi nivute.

Wanafungua Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Nilisema sitakuuliza, na siulizi. Ila mtoto anapenda kuangalia milango, kwa hiyo siku hiyo tutakuwa jukwaani, na Jumamosi nyingine tutakuwa jukwaani. Na jambo moja ulijue: sitakushika. Hata nikikuona unahangaika, mikono yangu itakuwa kwa mtoto mpaka wewe mwenyewe useme.

Mwanao


Jumamosi, 6 Desemba

Mwanangu,

Mimi mzima. Hali yako nitakuuliza mwenyewe, maana barua hii haipitii kwa mtu wa lori. Naiandika kwenye ubao wangu wa kukatia vitambaa, nimeuweka mapajani, na hebu angalia mwandiko ulivyonyooka. Basi linakwenda huku naandika!

Kibasi cha mlisho kilikuja mpaka mtaani. Dereva akakunjua ubao wake wa kupandishia kiti, akauliza, "Nikusukume, mama?" Nikamwambia, "Wewe endesha chako, mimi nina changu." Mtaa mzima ulitoka nje. Yule wa kuku alitoka na mkoba, anadai ananisindikiza. Tangu tuingie ameshika bomba kwa mikono miwili, na macho amefumba.

Kituoni nilifika ukingoni nikasimama. Basi likaja, milango ikafunguka, nikaliacha liende. Jingine likaja, nikaliacha. Nilikuwa nautazama ule mpira. Hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyeniuliza unashukia wapi. La tatu nikaingia. Mwanangu, sikusikia kitu. Nilikuwa nimeshaingia, na bado nasubiri kishindo.

Karibu na mlango wameacha mahali hapana viti. Patupu kabisa. Nikauliza mbona pako hivi, binti mmoja akaniambia, "Ni pako." Nimekaa hapa nawaza. Kuna watu walikaa wakapanga kila kiti cha basi hili, wakafika hapa wakasema, hapa tusiweke kitu, kuna mtu atakuja. Wala walikuwa hawanijui.

Tumepita shule yako. Tumepita ile nyumba tuliyopanga, ya bati la kijani, wameipaka rangi nyingine. Nilidhani haya yote nilishayaaga. Kumbe yalikuwa hapo hapo, yananisubiri nipite.

Linapunguza mwendo. Naona dirisha lenye kamba ya nguo. Naona jukwaa, watu wamejaa, na mfupi mmoja anapunga mkono. Huyo ndiye mume wangu, kumbe kibonge hivi! Anadhani na mimi ni kiroba. Ngoja nimpungie.

Ameshtuka. Ameshtuka kweli, amejificha shingoni kwako. Na wewe umemshika kwa mikono miwili, kama ulivyosema.

Milango inafunguka. Kalamu naiweka hapa, mikono naihitaji.

Mama