Spika ya Kushoto Haikuunguzwa na Nura

Nura,

Nimekwenda Gatumba, nitarudi alasiri. Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika. Wasichana wa kaswida wakija saa nne kurekodi, usiwarudishe. Spika inafanya kazi.

Baada ya swala ya alfajiri niliifungua ile ya kushoto. Kapasita mbili, vile vikopo vidogo vinavyotuliza umeme, zilikuwa zimevimba kichwani. Sauti kubwa haifanyi hivyo. Ni joto na miaka kumi na tisa. Ule mvumo, na kugoma kuwaka asubuhi, vyote vilitoka hapo.

Jana nilisema mbele ya baba yako kwamba umeiunguza kwa besi. Ukanijibu, "Apana Mama, mi sikuongeza kitu, wallahi," nami nikakukataza kuapa. Nilihukumu kabla ya kufungua. Nilikosea, na naandika hapa mezani ili naye asome.

Baba Nura, umesoma? Basi na yale makofi unayoipiga kila asubuhi hayajawahi kuponya kitu. Acha.

Nimeweka kapasita mpya, nikaisikiliza saa nzima. Imetulia kabisa. Kitufe cha sauti bado kinakwaruza: ni vumbi tu, kizungushe mara kadhaa.

Ya kulia ina umri uleule, kapasita zake nazo zitavimba. Mpya zimo kwenye bahasha hii. ~~Usiiguse mpaka nirudi.~~ Ukimaliza kurekodi ichomoe, lakini usiifungue upesi, umeme hubaki ndani. Jioni utaifungua wewe. Mimi nitashika tochi.

Mama