Mguu wa Mama Siunyooshi

Kihesa, Iringa
14 Juni 2025

Mpendwa Mama Mkubwa Faustina,

Kamwene, Mama Mkubwa. Nakusalimu kwa kupiga magoti, ingawa kwenye simu ulisema salamu zangu huzitaki. U hali gani? Kile kifua kinachokusumbua vumbi la Makongolosi likizidi, kimepata nafuu? Na Baba Mkubwa Saulo anaendeleaje na mashine yake ya kusaga mawe? Sisi huku baridi ya Juni imetukamata barabara, tunalala na masweta, lakini ni wazima. Mdogo wangu Tekla yuko likizo na ugali haukai sufuriani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu unanikatia. Barua huwezi kuikatia katikati. Ukiikunja kwa hasira, itakungoja hapo hapo mezani.

Umeniagiza nimfute mama kwenye katuni yangu kabla haijaonyeshwa ukumbi wa parokia Jumamosi ijayo, la sivyo hutakanyaga tena nyumba ya marehemu mdogo wako. Jibu langu ni hapana. Nakuheshimu, Mama Mkubwa, na simfuti.

Sasa nisikilize. Katuni yenyewe ni ya mwanamke anayeuza nyanya barabarani pale Ilula, na siku hiyo lori linamgonga ndoo, nyanya zote zinapondeka. Kwanza nilimchora kama katuni za ugenini: akikasirika macho yanamtoka, akilia machozi yanaruka kama bomba lililopasuka. Nikawaonyesha watoto wa kipaimara. Pale nilipotaka wanyamaze, wakacheka. Macho yalikuwepo, machozi yalikuwepo, ila ndani hamkuwa na mtu.

Nikajiuliza, ni nani niliyewahi kumwona amekasirika kweli? Mama. Wewe unajua, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alivuta ungo akaanza kuchambua maharage, vidole vikaenda mbio, na sisi tukatoka nje wenyewe bila kuambiwa. Nikamchora hivyo. Nikampa na mwendo wake: bega la kushoto linatangulia, ule mguu uliovunjika utotoni unafuata kwa kuchelewa kidogo, na ndoo kichwani haitikisiki. Hiyo ndiyo kazi yangu, Mama Mkubwa. Uzito wa mtu uonekane umeangukia wapi, na moyo wake uonekane mikononi kabla haujafika usoni. Nilijaribu hata kuunyoosha ule mguu. Akatembea vizuri sana, nami sikumjua.

Unasema nimeanika kilema chake. Najua wewe ndiye uliyembeba mgongoni kwenda shule, na ulipigana na wale watoto waliomfuata nyuma wakichechemea ili wenzao wacheke. Hasira yako naielewa. Lakini usinikalishe benchi moja na wale, maana wao hawakumpenda.

Unasema pia marehemu haigizwi. Toka lini? Kwenye msiba wa mama, Yunisi, mtani wetu Mngoni, si alivaa sweta la mama, akafunga kanga yake kiunoni, akapita uani anachechemea vile vile? Akatupigia kelele: "Nyie Wahehe mnalia nini? Nikiwa hai mlikuwa mnanipa shingo ya kuku, leo ndo mnanipenda?" Ulicheka mpaka ukakaa chini, Mama Mkubwa. Halafu ukalia, na kabla ya hapo ulikuwa hujadondosha chozi tangu ushuke kwenye basi. Hakuna aliyemwambia Yunisi amekufuru. Yaani akifanya mtani ni mila, nikifanya mimi niliyetoka tumboni mwake ni dhambi? Kwangu hilo halipiti, hata likija na baraka za padre.

Mjomba Bartholomeo naye amenipigia, anashauri nimchore amekaa ili yaishe. Na yeye nimemkatalia. Picha zote tulizobaki nazo mama amekaa. Umewahi kuziangalia? Harusini amekaa. Kwenye kipaimara changu, watu wote wamesimama, yeye amekaa. Mlimwekea kiti kwa mapenzi, sibishi, ila matokeo yake ni haya: Tekla, aliyeachwa bado ananyonya, juzi ameiona katuni akaniuliza, "Dada, kumbe mama alikuwa anachechemea? Mbona hamjawahi kuniambia?" Kisha akainuka akaanza kuzunguka meza, bega mbele, mguu nyuma, anakosea, anarudia, mpaka akaupata. Hakuwa anabeza. Alikuwa anamtafuta mama yake. Nilitoka nje nikalia, na nikarudi ndani mbishi zaidi.

Msalimie sana Baba Mkubwa, dada Frida na wanawe, na Shedrack kama ameshatoka machimboni. Yunisi anakusalimu. Anasema akifa yeye, wewe ndiye utakayemwigiza, kwa hiyo uanze mazoezi mapema maana kiuno chako kimekakamaa. Bikira Maria akufunike, akuondolee hicho kikohozi, akurejeshe kwetu salama.

Kiti chako cha mbele nimekiweka, hata ukisema huji. Na kama kweli umeamua, basi njoo Ijumaa. Nitawasha kompyuta, nitakuonyesha kitufe cha kufutia, kisha nitatoka nikuache naye. Ila umtazame kwanza akipandisha kutoka barabarani na ile ndoo. Akifika mlangoni, ukiweza, mfute mwenyewe.

Mwanao anayekupenda na kukukatalia,
Kalista