Kamba ya Nyumba

Manyoni, Jumamosi, Novemba 1974

Upepo mchana kutwa, vumbi hadi ndani ya chungu. Mawingu yanapita tu, hayashuki. Sina furaha wala huzuni. Mikono inauma, na nitaeleza kwa nini.

Tangu nimalize darasa la saba niko nyumbani, na nyumbani kwenyewe kunauzwa. Baba amestaafu kazi ya reli. Tumeandikishwa kijiji kipya upande wa Ikungi, kwao Baba, na lori litakuja wiki ijayo. Ardhi ni ya serikali, hatuwezi kuiuza, lakini nyumba ni yetu: vyumba vinne vya mabati na jiko la uani. Mnunuzi hatutakuwepo kumngoja. Kwa hiyo Baba anatafuta dalali wa kumwachia ufunguo.

Halafu kuna jiwe la Mama.

Ni jiwe la kusagia, limejengewa kwenye sakafu ya jiko. Bibi alimpa Mama alipoolewa. Mashine ipo hapa mjini, lakini uwele wa uji Mama anausaga mwenyewe. Juzi Baba alisema jiwe ni zito, lori ni la watu wengi, basi litabaki na nyumba.  Tangu hapo Mama anasaga kila siku, hata kama unga upo.

Nilitaka kumsemea. Sikuweza. Mbele ya Baba maneno yangu huishia kooni, na mbele ya wageni hata kooni hayafiki.

Asubuhi alikuja Bwana Hamisi, dalali wa karibu na stesheni. Ni mtu msafi na anaongea vizuri. Nilimwamkia, nikampa maji, nikasimama mlangoni. Alisema mnunuzi anaye tayari, mfanyabiashara anayetaka ghala la karanga. Baba akafurahi. Walipofika jikoni, Bwana Hamisi aligusa jiwe kwa ncha ya kiatu.

"Na hili lipo? Vizuri. Anayenunua nyumba ananunua ilivyosimama."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo kazi yake. Mama alikuwa anapepeta uwele, akaendelea kupepeta.

Baada ya chakula akaja Mzee Ntandu, mtu wa kwao Baba. Yeye ni dalali wa ng'ombe mnadani hapa mjini. Baba alimwita kwa heshima tu, ili asije akasikia kwa watu kwamba tunauza. Akaanza kupigapiga kuta kwa kiganja, akarudi nyuma, akainama kuangalia msingi.

"Huyu ana mgongo mzuri," akasema.

"Mfungue mdomo basi umhesabu meno," Baba akamtania.

"Meno nimeshayaona. Mlango wa mbele umelegea."

Mama alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini.

Jikoni Mzee Ntandu akauliza swali ambalo Bwana Hamisi hakuuliza. Alisema, "Ng'ombe nikimuuza, kamba haiendi na ng'ombe. Mwenyewe anaivua, anarudi nayo nyumbani. Sasa hii nyumba kamba yake ni ipi?"

Baba akasema nyumba haina kamba. Mama akainama. Mimi nilikuwa nimeshika kata ya maji.

"Jiwe," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nilidhani hawakusikia. Mzee Ntandu akageuka.

"Sema, mama."

"Jiwe la Mama. Ndiyo kamba."

Baba aliniangalia kama mtu aliyesikia redio ikijiwasha yenyewe. Mzee Ntandu akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Basi jiwe halimo. Mnunuzi nitamwambia hivyo."

Hapo Mama akasema, kwa Kinyaturu, kwamba ufunguo apewe huyu.

"Huyu?" Baba akasema. "Hajawahi kuuza hata banda la kuku!"

"Kweli," akajibu Mzee Ntandu. "La kuku sijauza."

Baba hakucheka. Alitoka nje. Niliogopa kwamba nimemharibia, maana mnunuzi wa Bwana Hamisi yupo kweli, na Mzee Ntandu huenda akakaa na ufunguo hadi mavuno bila kumpata mtu. Hilo bado naliogopa.

Baba akarudi na mtaimbo.

Tumechimba mimi na yeye hadi jua likaelekea kuzama. Hakuniambia neno, ila "shika hapa" na "ngoja". Jiwe lilivyotoka ni kubwa kuliko nilivyodhani, sehemu kubwa ilikuwa chini. Sasa liko uani, limeegemea ukuta, na Mama amelifunika gunia kama vile litapata baridi.

Ufunguo wa akiba Baba ameshampa Mzee Ntandu.

Jikoni limebaki shimo. Nimelijaza udongo, nikashindilia, nikasiliba kwa mkono, mtu atakayekuja kuishi hapa asijikwae. Panaonekana peusi na pabichi katikati ya sakafu.

Kesho patakuwa pamekauka.