Mtani Asiyejibiwa

Jumatatu, 5 Julai 1993
Upepo tangu asubuhi. Nimetuma habari ya bei ya alizeti, kisha nikapita kwa Ntandu kama kila Jumatatu. Miaka mingi tulizunguka mkoa huu pamoja, mimi nikiandika, yeye akipiga picha. Mwaka jana ofisi ilipunguza watu, naye akapunguzwa. Sasa anashinda uani, mgongo ukutani, haongei. Anameza vidonge vya huzuni tangu Mei. Havijasaidia. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 8 Julai
Nilikwenda na Maganga, fundi redio, Mnyamwezi, mtani wa Ntandu wa siku nyingi. Alianzia mlangoni. "Kufa basi, Mnyaturu, nirithi kamera na mke."
Shemeji, mke wa Ntandu, alicheka. Ntandu alimtazama, midomo ikasogea, akasinzia. Saa nne asubuhi. Shemeji anasema usiku halali kabisa.
Njiani Maganga hakutania tena. "Hayo si majonzi. Tulipomzika mama yake alinitukana palepale kaburini."
Kweli. Alimwambia Maganga achimbe taratibu, hapa hatafuti mihogo. Watu walicheka huku wanalia.

Ijumaa, 9 Julai
Nimeyafikiria mazishi yale. Yalikuwa Januari, na kazi alikuwa ameshaikosa. Mji mzima unasema kazi ndiyo iliyomvunja. Nami nimesema hivyo. Lakini Januari alikuwa mzima. Machi alikwenda msitu wa Mitundu kutundika mizinga ya nyuki, akarudi na homa. Tukasema malaria. Ukimya ulianza baada ya hapo.

Jumatatu, 12 Julai
Hospitali ya misheni. Tulipanda lori, tukapita Mkiwa. Zamani tulikwama pale siku nzima kwa kukosa petroli, Ntandu akawapiga picha kuku wa kijiji mpaka filamu ya serikali ikaisha. Sasa petroli ipo, soda ipo, sabuni za kila rangi. Leo alipita Mkiwa amelala begani kwangu.
Daktari aliposikia Mitundu aliuliza kama kuna mbung'o. Wapo. Akachukua damu na maji ya uti wa mgongo.

Jumanne, 13 Julai
Malale. Vimelea vimefika kwenye ubongo na umevimba. Daktari ni mama wa makamo, haongei kwa haraka. Anasema huzuni ya Ntandu ni ya kweli, ila inachochewa na uvimbe, na vidonge peke yake havina nguvu juu yake. "Kwanza tuondoe uvimbe. Huzuni ikibaki, hapo vidonge vitapata kazi."
Dawa yenyewe ni sindano. Kali. Huua wengine. Shemeji aliniuliza akubali au akatae. Nilisema akubali. Naogopa.

Jumapili, 25 Julai
Degedege, mara mbili. Sindano zimesimamishwa kwanza. Nilikaa naye mchana kutwa. Nilikumbuka chumba cha giza cha kusafishia picha, harufu ya dawa, yeye akipiga mluzi ndani, mimi nikigonga mlango kwamba habari inachelewa. Hakuwahi kufungua kabla picha haijatokea.

Jumapili, 1 Agosti
Wameanza tena. Amefungua macho. Hakuna zaidi.

Jumatano, 25 Agosti
Ameketi, anakunywa uji wa uwele. Mchana hasinzii. Majina mengine yamempotea. Huzuni imebaki kidogo, kazi haijarudi na haitarudi. Daktari alimrudishia vidonge vilevile wiki kadhaa zilizopita. Safari hii vinafanya kazi.
Nilipoaga alinishika mkono. Alitafuta maneno. Nilingoja.
"Mwambie Maganga kamera achukue. Mke hamwezi. Atambebesha mizigo mpaka Pwani, kama babu zake wapagazi."
Jioni nimefika mjini, nikaenda moja kwa moja kwa Maganga. Nimemwambia neno kwa neno. Alizima redio aliyokuwa anaitengeneza, akaniomba nirudie.