Tepu Shingoni Kwenye Mtihani wa Hisabati

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana hata mimi ningekuta barua hii gazetini imeandikwa na mtu mwingine ningecheka mpaka nishike mbavu.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka arobaini na tatu na watoto watatu, na mwaka huu nimejiandikisha kufanya mtihani wa kumaliza sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa sababu chuo cha ufundi ninakofundisha kushona, mwaka wa sita sasa, kimeambiwa kila anayesimama mbele ya wanafunzi lazima awe na cheti, na mkuu wa chuo, ambaye ni mtu mwema na suruali zake zote nimezipanua kiuno mimi, akaniita ofisini akasema, "Mama, kazi yako naijua, lakini faili lako jembamba mno. Kalete cheti, nafasi nitakushikia mpaka mwakani." Shule niliiacha kidato cha tatu nilipobeba mimba ya kifungua mimba wangu, kwa hiyo miaka miwili hii nimesoma kwa madaftari ya kitinda mimba wangu, binti, ambaye naye anafanya mtihani huohuo mwaka huu, na kwa bahati, sijui nzuri au mbaya, kituo nilichopangiwa ni shule anayosoma yeye. Aliniwekea masharti mapema: tukifika getini kila mtu ashike njia yake, nisimwite jina la nyumbani, nisimtengeneze kola mbele za wenzake, na nikimaliza mtihani nisimuulize kwa sauti amepata ngapi kwenye swali gani. Nikakubali yote.

Sasa siku ya Hisabati saa kumi na mbili asubuhi alinijia mteja, muuguzi anayetoka zamu, anataka sare mpya, na mimi siwezi kumrudisha mtu aliyesimama mlangoni na kitambaa mkononi, nikampima, nikaandika vipimo vyake, tepu nikaitundika shingoni kama ninavyoitundika kila siku kwa miaka ishirini, nikavaa sweta kwa sababu ya baridi, nikafunga vifungo mpaka kidevuni, nikachukua mfuko wangu wa plastiki wenye kalamu mbili, penseli, rula na kitambulisho, nikaondoka. Mlangoni dada mkaguzi alinipapasa mifukoni na mikononi, akaniambia nivue saa, nikavua, akasema pita mama. Nikapita.

Swali la nane lilikuwa na mchoro wa umbo lenye pande nne, upande mmoja hauna namba, wanauliza urefu wake. Mshauri, mimi mtu akiniuliza urefu wa kitu sihesabu, napima. Joto lilikuwa limeshanipanda nimefungua vifungo vya sweta, mkono ukaenda wenyewe, ukavuta tepu, nikailaza juu ya karatasi, nikasoma, nikaandika jibu, nikafurahi kwamba hatimaye wametoa swali la watu wazima, nikaingia swali la tisa. Nilipolifika katikati ndipo nikaona kitu cha njano kinaning'inia mbele ya macho yangu.

Ubaoni paliandikwa kwa chaki kwamba mtahiniwa atakayekutwa na kitu kisichoruhusiwa matokeo yake yatafutwa, na msimamizi alikuwa ametusomea maneno hayo mara mbili kwa sauti. Nikatazama, yuko dirishani ametupa mgongo. Badala ya kuinua mkono nikaviringisha tepu haraka kama mwizi nikaisokomeza ndani ya sidiria, na humo ikakaa saa nzima na nusu, kile kichuma chake cha mwisho kinanichoma kila nikivuta pumzi. Nilipoinua macho yakagongana na ya binti yangu kwenye safu ya pili. Aliona yote.

Leo siku ya tatu hasemi na mimi. Aliongea mara moja tu akiwa anaosha vyombo, bila kugeuka: "Mama, wakijua watafuta ukumbi mzima. Sisi wote mia na ishirini." Tangu hapo ananitengea chakula anaondoka. Anataka kusomea maabara mtoto huyu, ameandika ukutani kwake tangu kidato cha kwanza, na mimi nikitazama ule ukuta chakula hakipiti. Kuna saa nasema ninyamaze, hakuna mwingine aliyeona, tepu nimeifungia kabatini. Kuna saa nasema niende nikaseme, halafu nafikiria wakinifungia miaka mitatu nitakuwa na arobaini na sita na nafasi chuoni imeshachukuliwa, na mwanangu ameponzwa na mama yake mzazi. Nimebakiza Biolojia siku ya Ijumaa na Jiografia Jumatatu. Ninyamaze au niseme? Na nikisema, nimwambie nani, na naanzaje?

Ni mimi, fundi niliyejishona kidole.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, nimecheka. Nilijitahidi kukutii, nikafika kwenye sidiria nikashindwa.

Nilipomaliza kucheka nikakasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya tepu. Nilisimamia mitihani miaka ishirini na miwili kabla ya kupewa ukurasa huu. Nimeona mwashi akiingia na penseli ya useremala nyuma ya sikio, nimeona mpishi akiingia na aproni, nimeona kijana mzima akiingia na rimoti ya televisheni mfukoni na hajui imefikaje. Watu husahau. Kusahau kuna dawa yake, inaitwa mkono juu. Ungeuinua ukasema, "Mwalimu, nimeingia na kitu hiki bila kujua," angekichukua, angeandika mistari mitatu kwenye taarifa yake, na wewe ungeendelea na swali la tisa. Ulipokisokomeza ukajigeuza mtu mwenye la kuficha. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu! Hapo umenikera, na nakwambia wazi.

Sasa, gazeti hili hutoka Jumamosi, barua yako imenifikia Alhamisi asubuhi, na Biolojia yako ni Ijumaa. Ningengoja lichapwe ungekuwa umeshaingia ukumbini mara ya pili na mzigo huo kifuani. Kwa hiyo nikafanya nisichokifanya kwa kawaida, nikakupigia simu kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Umeniruhusu kuwaeleza wasomaji tuliyozungumza, nami nakushukuru, kwa sababu najua wako wengi wenye tepu zao kabatini.

Swali langu la kwanza lilikuwa moja tu: ulipopima, ulipata ngapi?

"Tatu na robo," ukasema.

"Tatu na robo nini?"

"Inchi."

Na kabla sijasema kitu nikasikia sauti jikoni kwako ikipasuka: "Mama! Inchi? Lile swali ni la sentimita! Na chini yake wameandika kabisa, mchoro haukuchorwa kwa kipimo sahihi! Ulitakiwa ukokotoe!"

Kisha nikasikia mtu anacheka, na hakuwa wewe. Mtoto ambaye hakusema na mama yake siku tatu alicheka mpaka akaangusha sufuria, nikaisikia ikibingirika, na wewe ukaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Fundi, katika miaka yangu yote ya kusimamia sijaona mtu aliyeingia na kifaa haramu kikamkosesha alama.

Baada ya hapo nilikueleza la kufanya, na narudia hapa kwa faida ya wengine. Nenda mapema, kabla ya kengele na kabla watahiniwa hawajajaa. Usimwambie dada wa mlangoni, wala mwalimu yeyote ambaye ni mteja wako. Mtafute msimamizi mkuu wa kituo. Tepu ishike mkononi, isiwe mfukoni tena, tafadhali. Usianze na hadithi ya muuguzi na baridi ya asubuhi. Anza hivi: "Siku ya Hisabati niliingia na hii shingoni bila kujua, niliitumia kwenye swali la nane kabla sijajitambua, kisha nikaificha kwa hofu. Nimekuja kusema." Basi, funga mdomo, mwache aulize. Na uombe karatasi uandike maelezo yako kwa mkono wako mwenyewe, utie saini na namba yako ya mtahiniwa, ili yasije kusimuliwa na mtu mwingine kwa maneno yake.

Uliniuliza, "Akinifukuza je?" Nikakujibu kwamba sijui atasema nini, na sikukudanganya. Uamuzi si wangu, na kila mahali pana taratibu zake. Nilichokijua ni kwamba anayekuja kwa miguu yake husikilizwa tofauti na anayekamatwa, na kwamba hali uliyokuwa nayo, ya kutokula na kutotazamana na mwanao, ilikuwa adhabu ambayo hakuna bodi iliyokupangia.

Ijumaa ukaenda. Ulinisimulia kwamba msimamizi mkuu, mzee wa makamo, alisogeza miwani kwenye paji la uso, akaishika tepu kwa ncha mbili kama mtu aliyeokota nyoka, akakusikiliza bila kukatiza. Halafu akamtazama binti aliyesimama mlangoni na sare yake. "Na wewe una shida gani?"

"Mimi ni mwanawe," akasema. "Niliona, sikusema. Niandikieni na mimi."

Mpaka hapo nilikuwa nimemwandalia binti huyo aya nzima ya kumgombeza, kwa zile siku tatu na kwa maneno ya ukumbi mzima. Nimeifuta.

Mzee akakuuliza jibu uliloandika. Ulipomwambia akageukia ukutani, mabega yakamtikisika kidogo, akarudi na uso wa kazi. Akapiga simu ofisi ya mitihani mbele yenu, akasoma maelezo yako neno kwa neno, akajibiwa: tepu ikae kwenye bahasha pamoja na taarifa, mtahiniwa apewe onyo la maandishi kwa kuficha, karatasi yake isahihishwe kama nyingine, aendelee na mitihani. Binti alipouliza kuhusu ukumbi mzima, mzee alimwambia, "Nani afute watu mia na ishirini kwa ajili ya kamba ya fundi? Nenda kakae, Biolojia inaanza."

Ulinipigia ulipotoka. Ulisema "Alhamdu..." ukashindwa kumaliza, ukalia mpaka nikaweka simu mezani, nikachemsha chai, nikarudi nikakukuta bado. Sikukunyamazisha. Machozi ya namna ile yakitaka kutoka ni heri yatoke, na nikwambie ukweli, chai yangu nayo niliinywa na chumvi kidogo.

Nyie wengine mnaosoma huku mkijiambia hayo ni ya mafundi, ngojeni kwanza. Koti unalofanyia kazi usiende nalo kwenye mtihani, hata kama ndilo lenye joto kuliko yote. Simu iache nyumbani; kuizima hakutoshi, simu iliyozimwa nayo ni simu. Maelekezo ya ukurasa wa kwanza yasome hata kama umeyasoma kwenye karatasi kumi za miaka iliyopita, na maneno madogo chini ya mchoro yasome mara mbili, maana yameandikwa madogo lakini yana alama kubwa. Ukigundua umekosea jambo, lolote lile, mkono juu papo hapo. Na nyie wazazi na ndugu msimwambie mtahiniwa mambo ya kufutiwa watu mia msiyoyasoma popote. Kama hujui kanuni, kaulize kwa mwenye kanuni.

Turudi kwako, Fundi. Swali la nane limekwenda na alama zake, usilifukue. Kesho Jumapili funga cherehani, mteja yeyote akija mwambie Jumanne. Soma Jiografia mpaka saa kumi, kisha kula chakula cha maana na ulale. Jumatatu, kabla hujatoka, simama sebuleni mikono juu, binti akupekue kuanzia kichwani. Na wewe mpekue yeye. Ukumbini watawapa ramani na huenda wakakuuliza umbali, tuseme kutoka shule mpaka daraja. Hapo, mama, ruhusa ya kupima unayo. Tumia rula, upande wa sentimita, utazame kipimo cha ramani kilichoandikwa chini. Andika jibu, andika na kizio chake, ulisome tena. Nafasi yako chuoni haijachukuliwa na mtu. Mtihani unaanza saa mbili kamili; saa moja na nusu uwe umeshakaa.