Bega la Kushoto la Koti la Baba

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, 3 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Haraka,

Hujambo? Kikohozi kimekuachia, au bado unakifuga? Huku tu wazima. Mama anakula vizuri na kunigombeza vizuri zaidi, ila macho yanazidi kufifia.

Nimepata ramani yako ya safari yetu ya kuvuka jangwa kwa miguu, kufuata nguzo za simu alizokuwa akikagua marehemu Baba. Umechora vizuri. Lakini unataka tuanzie hapa nyumbani kwenda kaskazini, tena Septemba, eti ndipo penye likizo yako. Septemba visima vimekauka, ndugu yangu. Utafika nguzo ya mia umeshaiva.

Juzi nilifumua koti lake la kazi ili nilitie bitana mpya. Unalikumbuka, lile zito tulilokuwa tukigombania kulalia, likinuka lami na jasho. Koti kama lile ni la msimu wa baridi ya jangwani, Desemba. Halafu bega la kushoto limepauka kabisa, la kulia bado kaki ileile. Nikakaa nalo, kushona nikashindwa. Baba alikuwa akitembea asubuhi tu, mchana anapumzika kivulini. Jua la asubuhi likimpiga kushoto, basi alikuwa akielekea kusini, yaani huku kwetu. Miaka yote tulimpungia mkono kwenye lori tukidhani anakwenda kuanza kazi hapo mbele. Kumbe lori lilimfikisha mwisho wa laini, akarudi kwa miguu, nguzo kwa nguzo, siku kumi na nne, kila siku akitusogelea. Nililia, sikufichi.

Mama alikuwa akijua. Aliniuliza, "Sasa mlidhani kwa nini alikuwa akiingilia mlango wa nyuma, unaotazama jangwani?"

Nakuomba usogeze likizo hadi Desemba, tupande lori, tutembee kuja nyumbani. Najua bosi wako ni mgumu. Mbembeleze. Daktari wa macho anasema mwakani Mama huenda asitofautishe mtu na nguzo. Nilipomweleza mpango wako, alisema, "Kuaga nimechoka. Safari hii niacheni nipokee."

Nisalimie wifi na mapacha. Shemeji yako fundi viatu anataka kipimo cha mguu wako. Mungu akulinde, na akulainishie huyo bosi.

Mama ameanza kukaa mlango wa nyuma kila asubuhi. Nimemwambia bado miezi minne. Anasema anajizoeza.

Dada yako akupendaye,
Fundi