Aliyegeuza Dagaa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, mwalo wa Rutale, Kigoma
Tarehe: 12 Februari 2026. Kuanza: saa 5:20 asubuhi
Jina: Kaneza Manariyo
Umri: Miaka 18
Dini: Mkristo
Kazi: Nimemaliza kidato cha nne mwaka jana, namsaidia mama kuanika dagaa
Makazi: Rusimbi, Manispaa ya Kigoma-Ujiji

Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa ajili ya Egide Niyokwizera, mpiga picha za harusi wa Mwandiga, ambaye yuko mahabusu tangu Jumatatu kwa sababu ya filamu aliyoitengeneza. Watu wanasema ndiye aliyemuua Mama Elia. Ninaomba nieleze kwa mpangilio, kwa sababu nikiharakishwa huwa nanyamaza.

Mama Elia, jina lake Yunisi Bukeyeneza, alikuwa jirani yetu hapa mwaloni. Alikuwa na vichanja vitatu vya kuanikia dagaa, vikipakana na vya kwetu. Ni mwanamke wa tatu kuuawa katika ufukwe huu ndani ya miaka miwili. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa hata mmoja wao.

Mnamo tarehe 14 Juni 2024, siku ya Ijumaa, nilikuwa likizo. Akina mama wengi walikuwa wamekwenda kwenye mazishi Ujiji. Saa 4:00 asubuhi mama yangu, aliyekuwa anafunga magunia huko juu stoo, alinituma nishuke kugeuza dagaa wetu. Nilifika mwaloni saa 4:10. Najua saa kwa sababu nilikuwa na simu ya mama.

Nilimkuta Mama Elia kwenye kivuli cha kibanda cha nyavu, amelala kwenye mkeka. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kichwani, miguu tu iko nje. Sikushangaa. Wanaoanika dagaa huamka usiku kusubiri mitumbwi, na jua likishapanda hujilaza. Alikuwa anakoroma kwa nguvu. Watu walizoea kumtania kwamba anakoroma kama injini ya boti, naye alikuwa akijibu, "Injini nzuri haizimiki ovyo." Nilicheka peke yangu.

Niligeuza dagaa wetu kwanza. Nilipomaliza niliona wa kwake wameshakauka upande wa juu na wanaanza kupinda. Niliona aibu kumwamsha. Mimi naona aibu kuwaamsha watu wazima, hata mama yangu. Kwa hiyo nikamgeuzia. Niligeuza kichanja cha kwanza chote na cha pili chote. Nilipokuwa katikati ya kichanja cha tatu niligundua kwamba kukoroma kumekoma. Nilidhani amejigeuza ubavu. Nikasema taratibu, "Mama Elia, nimekugeuzia dagaa." Hakujibu. Wakati huohuo mama aliniita kutoka juu: "Kaneza we! Umelala huko?" Nikaacha kichanja cha tatu kikiwa nusu, nikapanda. Ilikuwa saa 5:15.

Sikuinua ile kanga. Sikuona damu. Nilikuwa umbali wa hatua sita hivi.

Saa 8:30 mchana mama mmoja aliyerudi kutoka mazishini alikwenda kumwamsha, akapiga yowe. Alikuwa amepigwa nyuma ya kichwa. Polisi walikuja, wakapiga picha za mahali pote, na vichanja pia. Askari aliuliza nani alimwona mara ya mwisho. Mama mmoja akasema, "Dagaa wake wamegeuzwa. Basi mpaka saa ya kugeuza, kwenye saa tano, alikuwa mzima, dagaa hawajigeuzi." Wengine wakaitikia, na askari akaandika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama yangu. Nilijua wamekosea. Shuleni pia nilikuwa naulizwa swali, jibu nalijua, na nakaa kimya mpaka anasimamishwa mwingine. Siku ile nilifanya vivyo hivyo. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake ilikuwa maziko ya Mama Elia, na baada ya hapo niliona nimeshachelewa, wataniuliza kwa nini sikusema jana.

Jumamosi moja mwezi Agosti mwaka jana, tarehe siikumbuki, Egide alikuja mwaloni na daftari. Alikuwa anawauliza watu habari za wanawake wale watatu ili atengeneze filamu. Watu walimwambia maneno mengi. Mimi alinikuta peke yangu kwenye vichanja. Alisema, "Mdogo wangu, siku ile ya Mama Elia ulikuwepo?" Nikasema nilikuwepo. Akauliza niliona nini. Nikamwambia dagaa wa Mama Elia walikuwa wamegeuzwa vichanja viwili na nusu. Akaacha kuandika, akauliza, "Nani aliwageuza?" Nikasema sijui. Huo ulikuwa uongo. Nikamwomba, "Kaka, usinitaje." Akasema, "Sikutaji hata wanifunge kamba." Alikuwa anacheka aliposema hivyo.

Tarehe 7 Februari 2026, siku ya Jumamosi, saa 9:00 alasiri, filamu hiyo ilionyeshwa kwenye ukumbi wa video hapa mwaloni. Jina lake ni "Mgeuza Dagaa". Nilikwenda na Mwanakheri, niliyesoma naye. Njiani alinitania, "Wewe utafumba macho wanapoandika jina tu."

Sikufumba. Muuaji kwenye filamu haonyeshwi uso, inaonyeshwa mikono tu. Anampiga yule mama, anamfunika kanga vizuri kama mtu anayemfunika mtoto, halafu anakwenda kwenye vichanja na kuanza kugeuza dagaa, polepole, bila haraka. Watu walipiga kelele hapo zaidi kuliko wakati wa kupigwa. Mtu mmoja alisema, "Shetani huyu! Ameua, sasa anafanya kazi!" Mama mwingine alitoka nje na mtoto wake. Ile mikono ilimaliza kichanja cha kwanza, ikamaliza cha pili, ikafika nusu ya cha tatu ikasimama. Niliitazama mikono hiyo na nikaficha ya kwangu ndani ya kanga.

Halafu yule mama wa kwenye filamu, aliyekuwa amefunikwa, akaanza kukoroma. Vijana walicheka. Mmoja akapaza sauti, "Amka mama, dagaa wanaungua!" Mama mmoja anayefanya kazi zahanati, aliyekuwa amekaa nyuma yetu, akasema, "Msicheke. Huko siyo kukoroma kwa usingizi. Aliyeumia kichwani anapumua hivyo. Akiwahiwa, mwingine anapona."

Kile kipande cha kukoroma sikuwa nimemwambia Egide. Sijui alikitoa wapi. Lakini ndiyo sauti ileile.

Mwanakheri alinishika, akasema, "Shoga, ni filamu tu hii." Nilitoka nje nikaenda kukaa karibu na mitumbwi. Usiku huo na uliofuata sikulala.

Jumatatu, tarehe 9, Egide alikamatwa. Nimesikia kwamba picha za polisi zinaonyesha vichanja viwili na nusu vimegeuzwa, na kwamba jambo hilo la nusu halikuwahi kutangazwa. Ameulizwa alilijuaje na amekataa kusema. Jumanne vijana walivunja madirisha ya nyumba ya mama yake huko Mwandiga. Wanaoongoza vijana hao wanajulikana. Mmoja ni Elia, mtoto wa kwanza wa marehemu, ana miaka kama ishirini na miwili. Wanasema Egide akitoka kituoni hatafika barabarani.

Leo asubuhi nilipofika hapa Elia alikuwa mlangoni na wenzake. Aliniambia, "Karibu mdogo wangu, na wewe umekuja kumwona muuaji wa mama?" Nikamwamkia tu, nikapita. Elia amewahi kunibeba mgongoni nilipokuwa mdogo na miguu imekatwa na magamba ya konokono wa ziwani. Mbele yake nilishindwa kusema lililonileta.

Nimeulizwa na Koplo Sia, anayeandika maelezo haya, kama nina hakika na saa. Nina hakika. Saa 4:10 Mama Elia alikuwa ameshalazwa pale na anatoa ile sauti. Nimeulizwa kama siku hiyo nilimwona Gervasi, mwenye boti, ambaye aliwahi kuishi na Mama Elia kabla hawajaachana. Sikumwona. Koplo amenieleza kwamba Gervasi alihojiwa na kuachiwa, kwa sababu boti yake iliondoka kwenda Kagunga saa 3:30 asubuhi na abiria wanaomfahamu, na ilichukuliwa kwamba marehemu aligeuza dagaa wake baada ya hapo. Mimi sisemi kwamba ni Gervasi. Sijui ni nani. Ninasema tu kwamba marehemu hakugeuza dagaa siku ile, na muuaji hakuwageuza. Niliwageuza mimi, Kaneza, kwa mikono yangu, kwa kutaka kumsaidia.

Nimeulizwa kama nimeahidiwa kitu au kutishwa ili niseme haya. Hapana. Mama yangu hajui kwamba nimekuja. Egide pia hajui. Ninaomba aambiwe kwamba nimejitaja mwenyewe, kwa hiyo sasa anaweza kulitaja jina langu.

Niliyoyajua kuhusu siku ile nimeyamaliza, na hakuna nililolibakiza. Nimesomewa yote kwa Kiswahili nikayaelewa, na ninatia sahihi nikiwa na akili zangu timamu.

Sahihi: K. Manariyo

MAELEZO YA MPOKEAJI: Mimi WP 7714 Koplo Sia nimeandika maelezo haya kutoka kinywani mwa shahidi na kumsomea. Kumaliza: saa 7:05 mchana. Shahidi alisema kwa sauti ndogo na mara nne nilimwomba arudie. Aliomba mapumziko mara moja, pale alipoeleza kuhusu kichanja cha tatu.

Kwa kuwa nje ya kituo kulikuwa na watu wapatao arobaini, nilimshauri shahidi atoke kwa mlango wa nyuma na asindikizwe hadi Rusimbi. Alikataa. Alisema wale wakiondoka bila kusikia, Egide hatakuwa salama hata akiachiwa. Nilitoka naye kwa mlango wa mbele nikiwa na askari wawili. Aliposimama kwenye ngazi aliwaambia watu hao kwamba filamu imekosea, aliyegeuza dagaa ni yeye. Mara ya kwanza hakusikika. Akarudia, akasikika mpaka kwenye mitumbwi. Hakuna aliyerusha kitu.

Elia, mtoto wa marehemu, alisogea mbele na kumwuliza kama alipokuwa anageuza, mama yake alikuwa bado yuko hai.

Shahidi alimjibu, "Ndiyo, kaka."